Mtoto wa Kwanza na Nyumba ya Vijana



Mwezi huu nataka kuwaelezeni jambo litokealo katika kila nyumba ipatayo mtoto, wala watu hawalisemi sana, yaani namna mume na mke vijana wanavyogeuka kuwa baba na mama. Arusi twaisherehekea kwa nyimbo na vigelegele, na mtoto akizaliwa twampelekea mama yake zawadi na mtori. Lakini miezi inayofuata, wageni wakiisha kwenda zao na mlango ukiisha kufungwa, hakuna aulizaye habari za mle ndani. Mimi kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikiuliza, na leo nawaletea niliyoyasikia.

Sababu ya kuuliza ni hii. Kazi yangu ni kuwafundisha wachumba hapa kwetu mlimani Kilimanjaro, na mafundisho hayo hukoma siku ya ndoa. Lakini waliorudi kwetu na mashtaka, wengi wao hawakuja katika mwaka wa kwanza wa kukaa pamoja. Walikuja baada ya kuzaliwa mtoto wa kwanza. Neno hili lilinishangaza, maana mtoto yule ndiye aliyetamaniwa na mume na mke, na babu na bibi wa pande zote mbili. Imekuwaje basi furaha iliyongojewa na watu wote ilete fitina chumbani? Nikasema moyoni, yafaa niende nikawaulize wenyewe.

Mke wangu akakubali kufuatana nami. Yeye alikaa jikoni na mke, nami nilikaa barazani na mume, maana mtu akiulizwa mbele ya mwenzake husema lile ambalo mwenzake apenda kulisikia. Kila mmoja tulimpa punje ishirini za maharage, tukamwambia, "Hizi ndizo kazi za nyumba hii tangu mtoto azaliwe: kuamka usiku, kumwogesha, kufua nepi, kuteka maji, kupika, kwenda kliniki, kutafuta fedha. Weka upande huu kazi azifanyazo mume, na upande huu azifanyazo mke." Wakiisha kugawa, mke wangu nami twakutana, twalinganisha.

Nawaambia kweli, maharage yale yalisema kuliko midomo. Mume mmoja, dereva wa bodaboda, alijiwekea punje nane. Mkewe kule jikoni alikuwa amemwekea mbili. Nilipomwuliza, akasema, "Mwalimu, mimi ndiye niletaye fedha." Na mkewe alipoulizwa akasema, "Fedha analeta, Mama, sikatai. Lakini fedha haiamki usiku." Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Yule mume alikuwa akihesabu uchovu wa barabarani, na yule mke alikuwa akihesabu usingizi uliopotea, wala hapana hata mmoja aliyekuwa amemwonyesha mwenziwe hesabu yake.

Tena tuliwauliza waliokuwa bado wakingoja mtoto. Hao waligawa maharage karibu sawasawa, wakacheka, wakaahidi kusaidiana. Tukawarudia mtoto alipofikia miezi sita, nayo maharage yalikuwa yamehamia karibu yote upande wa mke. Hakuna aliyewahamisha kwa kusudi. Yalihama yenyewe, moja baada ya moja, kwa sababu mtoto akilia yule aliye karibu humchukua, na aliye karibu sikuzote ni mama.

Jambo jingine tulilosikia ni la majina. Kwa desturi yetu mtoto akiisha kuzaliwa wazazi wake hawaitwi tena kwa majina yao, huitwa Baba Fulani na Mama Fulani. Ni heshima kubwa, nasi twaipenda. Lakini mke mmoja alimwambia mke wangu kwa sauti ya chini, "Tangu nijifungue hajaniita kwa jina langu hata mara moja. Najua kwamba mimi ni mama wa mtoto wake. Sijui kama ningali mke wake." Wasomaji, neno hili nimelichukua moyoni hata leo. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alidhani amempandisha cheo.

Sasa mtasema, mbona wazazi wetu hawakuwa na taabu hizi? Tuangalie kwanza walivyoishi. Hapa mlimani mwanamke aliyejifungua alikaa ndani kwa muda wa miezi mitatu. Hakulima, hakukata majani ya ng'ombe, hakuchota maji. Mama mkwe au mama yake mzazi alikuwa naye, na mume alichinja, ili mzazi apate supu, na mtori wa ndizi na nyama, na maziwa, hata damu yake irudi na maziwa yake yajae. Otto Raum, mwana wa mmisionari aliyekaa huku kwetu, aliandika sana habari za utoto na malezi ya Wachagga katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1940. Nasi tulio hai twayajua kwa kuona, maana nyumba nyingi zingali zikishika desturi hii.

Lakini angalia pia mahali pa mume katika desturi hiyo. Kazi yake ilikuwa kuchinja, kuleta, na kukaa nje. Kijana aliyekulia kihambani hakumwona baba yake akimwogesha mtoto mchanga, wala akimbeba usiku. Hapakuwa na haja, kwa kuwa nyumba ilijaa wanawake. Leo kijana yule amepanga chumba kimoja Moshi mjini, au Arusha, au Dar es Salaam. Mama mkwe huja kwa basi, akakaa majuma mawili au matatu, kisha hurudi, maana naye ana ng'ombe wake na migomba yake. Ndipo wanapobaki watu wawili na mtoto mmoja. Wale wanawake wa kihambani hawapo, na mume hajui mahali pa kuanzia. Watu humwita mvivu. Wako wavivu, sikatai, lakini wengi niliowaona hawakuwa wavivu, hawakuwahi kuonyeshwa.

Na sheria nayo, ingawa ni njema, haimpi nafasi kubwa ya kujifunza. Kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 mama mwajiriwa hupata likizo ya uzazi ya siku 84, na akizaa mapacha au zaidi, siku 100. Baba hupata siku 3. Hizo ni siku za kwenda hospitali na kurudi. Na yule wa bodaboda, na yule wa sokoni, na mkulima, hawana hata hizo.

Kijana mmoja wa usharika wetu asomaye chuo kikuu alipoona daftari langu aliniambia kwamba wataalamu wa nchi nyingine nao wameuliza swali hili zamani. Akanisomea, nami nimeandika yale yanayotufaa.

Mwaka 1957 huko Marekani, E. E. LeMasters alitangaza habari za wazazi 46, mume na mke, waliopata mtoto wa kwanza katika miaka mitano iliyotangulia. Aliwahoji kwa mazungumzo marefu. Katika nyumba hizo 46, nyumba 38 zilisema kwamba kuja kwa mtoto kulileta msukosuko mkubwa. Wala si kwamba hawakutaka watoto: katika hizo 38, nyumba 35 mimba ilikuwa imepangwa au imetamaniwa. Mama walisema habari za usingizi na uchovu na upweke wa kukaa ndani. Baba walisema habari za fedha, na za mke ambaye hana tena nafasi nao. Nilipoyasikia haya nilidhani anasoma daftari langu.

Mwaka 1965 mwingine, Daniel Hobbs, aliuliza tena wazazi wengine, naye akapata kwamba walio wengi walikuwa na taabu ndogo tu. Lakini yeye aliwapa karatasi ya maswali waweke alama. Mimi si mtaalamu, ila nimeona katika baraza nyingi kwamba aulizwaye upesi hujibu "Hatujambo", na aulizwaye kwa kutulia, chai ikiwapo, hufungua moyo. Basi ninyi mnaowatembelea vijana wenu, msiulize mkiwa mmesimama mlangoni.

Wa tatu ni mume na mke, Philip na Carolyn Cowan, wa Berkeley huko California, waliotoa kitabu chao mwaka 1992. Hao waliwafuata vijana tangu mimba na baada ya kuzaa, nyumba 72 zilizokuwa zikingoja mtoto, na nyumba 24 zisizokuwa na mtoto za kulinganisha. Waliona kwamba wake walibebeshwa kazi ya nyumba na ya mtoto zaidi ya vile ambavyo wote wawili walitazamia kabla ya kuzaa. Tena walimwambia kila mtu achore duara, aligawe kwa kadiri aonavyo nafsi yake: fungu la mzazi, fungu la mume au mke, fungu la mfanyakazi. Mtoto akiisha kuzaliwa, fungu la mzazi lilikua sana kwa mama kuliko kwa baba, na fungu la mume au mke lilipungua kwa wote. Ndilo neno la yule aliyesema hajui kama angali mke. Kisha akina Cowan wakakusanya baadhi ya wale wazazi katika vikundi vidogo, wakikutana kila juma kwa majuma 24, tangu miezi ya mwisho ya mimba hata miezi mitatu baada ya kuzaa, na kila kikundi kiliongozwa na mume na mke. Kazi yao kubwa ilikuwa kuzungumza.

Mtu atasema, hayo ni ya Wamarekani. Basi tuje kwa jirani zetu wa Rwanda. Huko, tangu mwaka 2013 hata 2015, palikuwa na mafundisho yaitwayo Bandebereho, na maana yake kwa Kinyarwanda ni mfano wa kuigwa. Waliitwa waume wa miaka 21 hata 35, waliokuwa wakingoja mtoto au wenye mtoto wa chini ya miaka mitano. Waume walikuwa na vikao 15, na katika vikao 8 walikuja pamoja na wake zao. Walifundishwa na kuzungumza habari za mimba na uzazi, malezi, kupanga uzazi, kugawana kazi, kuamua mambo pamoja, na kuacha kupiga. Ili ijulikane kama yanafaa, nyumba 1,199 ziligawanywa kwa kura: 575 zikaingia vikaoni, nazo 624 hazikuingia.

Baada ya miezi 21 wakaulizwa wote, na habari zikachapishwa mwaka 2018. Wake wa nyumba zilizoingia vikaoni walipigwa na waume zao kwa uchache sana kuliko wale wengine. Walikwenda kliniki ya wajawazito mara nyingi zaidi, na waume waliwasindikiza zaidi. Na waume wenyewe walitumia muda mrefu zaidi kila siku katika kazi za watoto na za nyumba. Tena habari zilizochapishwa mwaka 2023 zasema kwamba hata baada ya miaka sita matunda yale yalikuwa yakionekana bado. Hao si watu wa mbali. Ni wakulima wa milimani kama sisi, wenye migomba kama yetu, na desturi za kumweka mwanamume nje kama zetu.

Hapa sina budi kusema neno zito. Katika nyumba moja tuliyoingia, mke hakuyagusa maharage. Mke wangu alimpa, akayaweka mkononi mwake, akayatazama, akaanza kulia pasipo sauti. Mtoto alikuwa na majuma saba, mzima, mnene. Mama yule alisema halali hata mtoto akilala, hali kwa hamu, na kwamba mara nyingine huona heri mtoto angepata mama mwingine. Jamaa walikuwa wamekwisha kusema mengi: wengine kwamba amerogwa, wengine kwamba hana shukrani. Mke wangu hakusema lolote katika hayo. Alimchukua mtoto, akamwambia mume alete maji ya kuoga, na asubuhi yake walikwenda wote watatu zahanati. Mganga wa pale aliwaelewa mara moja, akawapeleka hospitali.

Ugonjwa huu una jina, nao ni sonona ya uzazi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi zinazoendelea, katika kila mama mia waliojifungua, karibu 20 hupata ugonjwa wa akili, na hasa ni huo wa sonona. Ni karibu mmoja katika kila watano. Hesabuni wake vijana wa mtaa wenu, mtaona kwamba si jambo la nyumba ya mtu mmoja. Si uchawi, wala si ukosefu wa shukrani. Ni ugonjwa, nao hutibika. Mama yule sasa amepona, na mumewe ndiye ampelekaye mtoto kliniki.

Sasa niseme niliyoyaona yafaa, nanyi mpime.

Kwanza, mume na mke wagawane kazi kabla mtoto hajazaliwa, tena wazitaje moja moja. Kusema "tutasaidiana" hakutoshi, kwa maana hakuna kazi iitwayo kusaidiana. Iko kazi ya kuamka saa nane usiku, na kazi ya kufua nepi wakati wa masika zisipokauka. Nani ataamka? Nani atafua? Na mtoto akifika miezi mitatu wahesabu tena. Wale wa punje nane na mbili walihesabu tena mbele yetu, wakabishana, wakacheka, na mwishowe yule mume alichukua maji na nepi za jioni kuwa zake. Si kazi nyingi, lakini mkewe alisema jambo lililomponya ni kwamba zimehesabiwa.

Pili, baba afundishwe kwa mikono. Asiambiwe tu kwamba awe baba mwema. Apewe mtoto, aonyeshwe namna ya kushika shingo yake, namna ya kumwogesha, namna ya kumbeulisha. Kumnyonyesha hawezi, kwa kuwa miezi sita ya kwanza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake. Lakini mtoto akiisha kunyonya, baba aweza kumchukua, na mama akalala.

Tatu, nawaomba mama wakwe na mama wazazi. Njooni, maana bila ninyi hatuwezi. Mtori wenu hauna badala. Ila mkimwona mkwe wenu ameshika beseni, msimnyang'anye mkimwambia kwamba hiyo si kazi ya mwanamume. Niliona kijana mmoja akilitua beseni kwa aibu, wala hakulishika tena.

Nne, mume na asiliache jina la mkewe. Mbele za watu amwite Mama Fulani kwa heshima yote. Lakini taa ikiisha kuzimwa na mtoto amelala, amwite kwa jina lile alilolitaja siku ya kuposa. Na mke vilevile.

Tano, mama akikaa katika huzuni zaidi ya majuma mawili, au akisema maneno ya kujidhuru au ya kumdhuru mtoto, asingojewe hata siku moja. Apelekwe kwa waganga wa hospitali, wala asiachwe peke yake.

Nasi tuwafundishao vijana, tuutazame mpango wetu. Twawapa mafundisho mengi kabla ya siku moja ya arusi, kisha twawaacha katika mwaka ulio mgumu kuliko yote. Wazee wetu walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hapa kwetu tumekwisha kuanza. Kila mwezi, Jumamosi ya pili, wanaongoja mtoto na wenye mtoto mchanga hukutana alasiri nyumbani kwa mume na mke waliokwisha kulea. Wake hukaa upande wao kwanza, na waume upande wao, kisha wote hukaa pamoja. Watoto hulia, uji hunywewa, na maharage hugawanywa.

Mara ya kwanza waume walikuja wachache, wakakaa karibu na mlango. Sasa huja wakibeba watoto wenyewe. Njiani watu huwatazama, na wengine huwacheka. Wao huitikia salamu, wakaendelea na safari yao.

Basi, ndugu zangu, maneno yangu ndiyo hayo. Kama katika mtaa wenu iko nyumba yenye mtoto mchanga, nendeni juma hili. Wekeni zawadi yenu, kaeni, ulizeni, kisha nyamazeni msikie. Na mkiona njia nyingine inayofaa kuliko yetu, mtuandikie, nasi tutajifunza kwenu.

Kwaherini.